Sinki la kaunta ya katikati: laza bomba la hewa kabla ya zege

Sinki la ukutani halina makuu: unatoboa ukuta, bomba linatoka nje, basi. Kaunta ya katikati ya jiko haina ukuta wa kupandishia bomba la hewa, kwa hiyo mafundi wengi huliacha. Bila hewa, sinki lililojaa likivutwa kizibo, maji yanayoshuka yanavuta na yale yaliyopaswa kubaki kwenye trapu, yaani kona ya bomba chini ya sinki inayoshika maji ya kuzuia harufu. Trapu ikikauka, jiko linanuka chemba.

Hatua ya 1. Jamvi (zege la sakafu) likiwa bado halijamwagwa, laza bomba la maji machafu la inchi 2 lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, hadi kwenye chemba.

Hatua ya 2. Simamisha bomba ndani ya kabati na ufunge tii (kiungo chenye umbo la T) ya kupokea trapu ya inchi 1½. Juu ya tii hiyo bomba linaendelea kupanda hadi karibu kugusa meza ya kaunta kwa chini. Mwenye nyumba atauliza kwa nini bomba la maji linapanda. Mwambie hiyo ni njia ya hewa. Usilikate fupi ili kupata nafasi ya droo: sinki likiziba, maji machafu yataingia humo.

Hatua ya 3. Ligeuze kwa elibo (viungo vya kona) tatu, digrii 45, 90, kisha 45, lishuke sambamba na la kwanza hadi chini ya sakafu. Hapo liunge kwa wai (kiungo chenye umbo la Y) kwenye bomba la maji machafu, mbele kidogo ya linaposhukia lile la kwanza, upande wa chemba.

Hatua ya 4. Kwenye bomba hilo linaloshuka, chini tu ya sakafu, toa tawi kwa wai nyingine. Lipeleke ukuta wa karibu, lipande hadi juu ya paa. Kipande kilicholala kiinamie kwenye bomba la maji machafu, unyevu usituame. Ukutani weka mfuniko wa kuzibulia.

Jamvi limeshamwagwa? Kuna valvu ya kuingiza hewa, inayofungwa kabatini angalau sentimita 10 juu ya mkono wa trapu, kile kipande kinachotoka kwenye trapu kwenda kwenye tii. Inaingiza hewa tu, haitoi, na mpira wake huchakaa. Iache mahali mkono unapofika.

Kabla ya kufukia, ziba upande wa chemba, jaza maji na ukague kila kiungo. Sinki likishafungwa, lijaze pomoni na uvute kizibo. Likikoroma mwishoni, kagua njia ya hewa kabla fundi marumaru hajaingia.