Kinywa kabla ya safari ya Uarabuni

Mwanamke anayejiandaa kwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, Omani au Falme za Kiarabu hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, lakini ni nadra kuambiwa afungue kinywa. Lingekuwa jambo dogo kama akishafika angeweza kwenda zake hospitali jino likianza kuuma; mara nyingi hawezi, kwa sababu hatoki bila ruhusa ya mwajiri, na maumivu ya jino hayaonekani kwa macho.

Kwa hiyo amwone daktari wa meno mapema, si wiki ya safari. Kung'oa ni kazi ya siku moja, ingawa kidonda huchukua muda kufunga. Jino lililooza hadi kwenye mshipa, ambalo bado linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, huenda likamrudisha kliniki zaidi ya mara moja, na tiketi ikishakatwa wengi huishia kung'oa jino ambalo lingepona. Meno yaliyozibwa zamani nayo yakaguliwe, kwani hewa iliyonaswa chini ya kizibo kibovu hutanuka ndege inapopaa na kuleta maumivu makali.

Wapo waliokulia Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji yana floraidi nyingi, madini ambayo kwa kiasi hulinda meno lakini yakizidi utotoni huyatia madoa, wakawa na meno ya kahawia. Madoa hayo yalijengeka ndani ya jino tangu utotoni. Hayatoki kwa mkaa wala kwa kusugua kwa nguvu, na anayelazimisha huishia kuumiza fizi. Ni vyema alijue hilo kabla hajakutana na madamu atakayedhani ni uchafu, maana aibu ya namna hiyo humfanya mtu aongee ameziba mdomo kwa kiganja, au asiongee kabisa, na kimya chake kikachukuliwa kuwa kiburi.

Kwenye begi aweke miswaki kadhaa laini na dawa ya meno yenye floraidi kati ya ppm 1000 na 1500, kiwango ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye boksi. Kijiti cha mswaki, ambacho huko hupatikana kwa urahisi, kinasafisha vizuri, ila kisichukue nafasi ya dawa hiyo. Apige mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku asiuruke hata kazi ikiisha saa sita, hasa kama ameshinda kwa chai ya sukari na tende.

Katika mkataba, aulize kama matibabu ya meno yamo, na jibu liandikwe.

Asiweke aspirini juu ya fizi, kwani huiunguza. Uvimbe wa taya wenye homa, au unaoshuka chini ya kidevu hadi kumeza kukawa kwa shida, unahitaji hospitali siku hiyohiyo, na ndugu aliyebaki nyumbani awe na namba za wakala na za ubalozi ili apige yeye endapo simu ya msafiri imechukuliwa.