Lori la zamani: soma lebo ya oili kabla ya kumimina
Kama injini ya lori lako ina tapeti bapa, yaani vipande vya kusukuma vali vinavyosuguana na kamshafti (shafti inayoendesha vali) moja kwa moja bila rola, usichukue oili kwa sababu tu ni mpya na ghali. Kinachozilinda ni kiungo cha zinki na fosforasi. Tangu API SM, kiwango cha ubora wa oili za injini za petroli cha 2004, fosforasi katika oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ina kikomo cha asilimia 0.08, maana huharibu katalisti ya ekzosi, kifaa kinachosafisha moshi. Lori lisilo na katalisti halifaidiki na kikomo hicho hata kidogo. Tafuta oili iliyoandikwa wazi kuwa ni ya tapeti bapa. Na kamshafti ikiwa mpya, tafadhali usibahatishe: dakika 20 za kwanza za injini kuwaka ndizo hatari zaidi.