Namna ya Kukagua Nondo Kabla ya Kuzifunga
Nondo inayouzwa kuwa ya milimita 12 huenda ikawa nyembamba kuliko inavyodaiwa, na kwa kuwa matuta ya ubavuni hupotosha vipimo vya rula, kipimo cha kuaminika ni mizani. Kata kipande cha mita 1, kipime uzito, kisha ulinganishe na hesabu hii: zidisha kipenyo kwa kipenyo, ugawanye kwa 162, nawe utapata kilo kwa kila mita. Kwa milimita 12 jibu ni takriban kilo 0.89, upungufu mdogo sana huvumilika.

Kutu nyepesi isikutishe, kwani haizuii zege kushika. Ikibanduka kwa magamba, isugue kwa brashi ya waya, kisha upime upya. Mafuta na matope yaondoe kabisa.