Kuonja na kupima baga za Dar mkiwa wawili, hatua kwa hatua

Mpwa wangu na rafiki yake wa chuo walianza kuzunguka Dar wakila baga na kuzipa alama. Haukupita mwezi wakawa wananuniana. Huyu anasema baga ya Sinza ni tisa, yule anasema hata nne haifiki, na kila mmoja anamwona mwenzie hana ulimi. Kesi ikaletwa kwangu, maana mimi na shoga yangu tunaucheza mchezo huu miaka mingi na bado tunafuturishana. Niliyowaambia ni haya, nimeyanyoosha kidogo tu.

Hatua ya 1: Agizeni baga ileile kila mahali

Menyu ikija, msiihangaikie. Mtakuta baga ya kuku, ya samaki, yenye yai, yenye nanasi, ya ghorofa tatu iliyochomekwa kijiti. Nyinyi mnataka ile isiyo na mbwembwe: nyama ya ng'ombe, pati moja (kile kipande bapa cha nyama ya kusaga), jibini, mkate. Mayonesi na tomato zije pembeni kwenye kibakuli. Baga ikishapakwa sosi tatu, mnachokipa alama ni sosi, na sosi mara nyingi imetoka kwenye chupa ya dukani.

Mahali wasipokuwa na baga ya kawaida, kuleni tu mfurahi. Daftari libaki kwenye mkoba.

Hatua ya 2: Vifaa

Daftari la shule, kalamu mbili, maji ya kunywa, na kisu kidogo chenye makali mliyotoka nacho nyumbani. Visu vya mezani vya mahotelini havikati mkate, vinauponda.

Mpwa wangu ana jedwali kwenye simu, lina nyota, lina nafasi ya picha, linajumlisha lenyewe. Silitaki. Ukishika simu utapiga picha, ukipiga picha utatafuta mwanga, na ukimaliza kutafuta mwanga jibini limeshaganda. Baga inatakiwa ikatwe ndani ya dakika moja baada ya kufika mezani. Daftari halikuombi utafute mwanga.

Hatua ya 3: Kaeni palepale

Msiagize iletwe nyumbani. Baga ikifungiwa kwenye boksi pamoja na chipsi, mvuke wa chipsi wote unaishia kwenye mkate. Weka na foleni ya Mwenge jioni, hapo mtakuwa mnampima bodaboda.

Hatua ya 4: Tenganisheni nyama tupu na kababu

Hapa ndipo vijana wangu walipogombania, na hapa ndipo penye kazi yote. Msipaharakishe.

Pati za Dar ni za aina mbili, na menyu haitakwambia ni ipi. Ya kwanza ni nyama ya kusaga tupu, imebanwa bapa, ikatiwa chumvi na pilipili manga kwa juu, ikaenda kwenye chuma. Ya pili ni kababu: nyama imekandwa na kitunguu, kotimiri, saumu, tangawizi, pengine yai na chenga za mkate, ndipo ikachomwa na kuwekwa ndani ya mkate. Zote mbili zinaitwa baga, na zote mbili zinaweza kuwa tamu sana. Ila mkizipanga kwenye orodha moja mtagombana mpaka Siku ya Kiyama, kwa sababu mmoja wenu anaitafuta ladha ya nyama na mwenzake anaitafuta ladha ya viungo.

Shoga yangu ni wa Tanga, na kwake kababu ndiyo baga. Kwa muda mrefu yeye akitoa tisa mimi natoa tano, kisha tunabishana njia nzima mpaka kituo cha daladala. Ulimi wake hauna kasoro yoyote, tulikuwa tunapima vyakula viwili.

Kwanza elewa kwa nini kababu imeenea, usije ukadhani mpishi anakuibia nyama. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, wale wenye nundu, wanaotembea na kula majani. Nyama yao ina ladha nzuri lakini haina mafuta mengi, na buchani mara nyingi inauzwa siku ileile ya kuchinjwa. Wapishi wa baga hupenda mafuta yafike kama asilimia 20 ya nyama ya kusaga. Ukisaga nyama ya paja tupu ya ng'ombe wetu hufiki huko, na ukiichoma bila kitu inakauka mpaka inakukwama kooni. Kitunguu kinaleta maji, chenga za mkate zinayashika, yai linafunga. Mama zetu walilijua hilo kabla mtu hajaleta baga Masaki. Mpishi anayetaka nyama tupu inabidi atafute mafuta mwenyewe, na mimi humwambia muuza nyama wangu anisagie pamoja na kipande cha nundu. Usikubali nyama iliyokwisha kusagwa ikalala kwenye trei.

Sasa, utazitambuaje? Kata baga katikati uangalie uso wa nyama pale kisu kilipopita. Kababu ina vidoa vya kijani na vipande vya kitunguu vinavyong'aa, na ukata wake ni laini kabisa. Nyama tupu iliyobanwa vizuri ina punje, unaona nyuzi na vijitundu, na mchuzi unatoka humo polepole mpaka chini ya sahani. Halafu bonyeza kwa kidole. Ikirudi juu kama mpira, imekandwa na chumvi. Chumvi ikichanganywa na nyama ya kusaga na kukandwa, inatoa protini zinazogandishana, ndiyo maana soseji hukatika vipande visivyopukutika. Kwa kababu hiyo ni sifa, maana lazima ishike kwenye kijiti. Kwa nyama tupu ni kosa: chumvi yake iende juu, dakika ya mwisho.

Kumuuliza mhudumu kunasaidia, ila inategemea swali lenyewe. Ukimuuliza "Mnaweka viungo?" atakujibu "Ndiyo dada, viungo vyote vipo", kwa sababu anadhani ndicho unachotaka kusikia. Muulize hivi: "Samahani kaka, nyama mnasaga wenyewe au inakuja imeshagandishwa?" Hapo atakwenda kuuliza jikoni, na jikoni huwa wanasema kweli.

Swali hilo litawaibulia aina ya tatu, pati ya kiwandani iliyogandishwa. Hiyo huhitaji kuuliza sana. Ni duara kamili, ukingo wake umenyooka, unene sawa pande zote. Iingizeni kwenye orodha ya nyama tupu mkiitia alama ya G pembeni. Msimpunguzie mtu alama kwa sababu tu imegandishwa. Nimekula za G zilizowashinda watu wanaojisifu kwa nyama ya asubuhi.

Basi daftari lifunguliwe pande mbili: mbele nyama tupu, nyuma kababu. Na kabla hamjaandika namba yoyote, mkubaliane mnaandika upande gani. Kesi ngumu tunaziamua hivi. Pilipili manga na unga wa saumu vikinyunyizwa kwa nje, ni nyama tupu. Kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba kikagandamizwa juu ya nyama ikiwa kwenye chuma, ni nyama tupu pia, kwa kuwa kimekaangwa na hakikukandwa. Kitunguu kikiwa ndani, hata kidogo, ni kababu. Mnanusa bizari ila hamwoni kitu? Kababu. Mmeshindwa kukubaliana? Andikeni pande zote mbili, kila upande na alama zake, muendelee na maisha.

Ramadhani ikifika sisi huiacha kabisa orodha ya mbele, ile ya nyama tupu, maana baga za jioni mitaani karibu zote ni kababu. Upanga na Kariakoo msimu huo ni raha tupu.

Hatua ya 5: Kata, tazama, onja

Mmeshakata. Tazameni ukingo na uso wa chini wa nyama. Mnautaka uwe wa kahawia iliyokolea, wenye gamba. Gamba hilo ndilo ladha yenyewe: Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi asidi za amino na sukari zinavyobadilika rangi zikipata joto, na jikoni jambo hilo huenda kwa kasi nyama ikifika karibu nyuzi 140. Maji hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo nyama iliyolowa, au iliyojazana na wenzake kumi kwenye chuma kimoja, inachemka badala ya kuchomeka. Inatoka ya kijivu. Ya kijivu haipati kwangu zaidi ya mbili kati ya alama tano za nyama, hata iwe imetoka kwa ng'ombe gani.

Kuhusu waridi katikati, hapa sina mzaha. Kipande kizima cha steki kikichomwa nje, vijidudu vilivyokuwa juu vinakufa. Nyama ikisagwa, vya juu vinaingia ndani. Mwaka 1993 Marekani watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafa kwa baga zisizoiva zilizokuwa na bakteria wa E. koli. Kiwango chao cha nyama ya ng'ombe ya kusaga ni nyuzi 71 katikati, na rangi haithibitishi chochote, kwa sababu nyama huweza kugeuka kahawia kabla haijafika hapo. Ndiyo maana mkobani nina kipimajoto cha sindano. Siyo lazima mkinunue. Lakini mhudumu akiwauliza "Tuive kiasi gani?", jibu ni "Iive kabisa". Baga yenye mafuta ya kutosha haikauki kwa kuiva.

Kuonja ni mara tatu. Tonge la kwanza kila kitu pamoja. La pili nyama peke yake, ile ya katikati siyo ya ukingoni. La tatu mkate peke yake. Katikati kunyweni maji. Soda ya baridi inaua ladha, na chipsi zisubiri mpaka kalamu zishuke.

Hatua ya 6: Alama, kimyakimya

Jumla kumi: nyama tano, mkate tatu, vilivyobaki mbili. Hakuna nusu. Mtu anayetoa saba na nusu hajaamua.

Kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake huku karatasi imefunikwa, na hakuna kusema hata "mmh" mpaka wote wamemaliza. "Mmh" ya shoga yangu ina uzito wa alama mbili, najua kwa sababu nilikuwa naifuata. Pembeni ya kila namba andika sababu moja inayoonekana: "mkate umechanika chini", "jibini halikuyeyuka", "gamba zuri". "Tamu" siyo sababu.

Mkate huu watu wanaudharau, nami naupa tatu kwa makusudi. Skonzi nyingi zetu zina sukari nyingi na ni nene kuliko nyama. Mkate mzuri umepashwa moto upande wa ndani kwa siagi, unabonyea ukiushika, na haumeguki mpaka tonge la mwisho. Jibini la vipande vilivyofungwa kwenye plastiki sina ugomvi nalo, linayeyuka vizuri. La Njombe ni tamu zaidi ila linataka kufunikwa juu ya chuma kidogo, na wengi hawafuniki.

Tofauti yenu ikifika tatu au zaidi, kila mmoja anamwonyesha mwenzake sababu yake kwenye baga yenyewe, kwa kidole. Namba hazibadilishwi. Mnasikilizana tu, na mnaiweka baga hiyo kwenye orodha ya kurudiwa.

Hatua ya 7: Bei

Iandikwe pembeni, isiingie kwenye alama. Ukiingiza bei, baga ya kibandani itaishinda ya Masaki kila siku hata ikiwa imeungua. Andika ile uliyolipa, siyo ya kwenye menyu: wengine huandika kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Mjue pia nani analipa kabla hamjaketi. Aliyelipiwa huwa mkarimu wa alama.

Hatua ya 8: Kurudia na kutangaza

Baga yoyote iliyopata nane kwenda juu, au tatu kwenda chini, irudiwe siku nyingine na saa nyingine. Ijumaa usiku jikoni kumejaa, nyama zinachomwa mapema zikisubiri oda. Jumanne mchana mpishi ni huyohuyo ila chuma ni chako peke yako. Alama ya mwisho ni ile ndogo kati ya hizo mbili, kwa sababu mtu atakayewafuata hatakuwa na uhakika atafika siku gani.

Mkiweka mtandaoni, wekeni tarehe, saa, mlichoagiza, orodha ipi kati ya mbili, na bei pamoja na kodi. Kwa waliopata tatu kwenda chini, sisi huzungumza na mpishi kwanza kabla hatujaandika, tukimtajia ile sababu ya kwenye daftari. Wengi hushukuru. Jina la mhudumu msiliandike popote.