Somo: Kumtambua mapema mzee anayeanza kusahau kwa vihisi vya nyumbani

Mwenendo wa mzee hubadilika kabla watu wa nyumbani hawajashtuka. Watafiti wa Oregon, Marekani, waliweka vihisi vya mwendo, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mtu akipita, kwenye dari za nyumba za wazee wanaoishi peke yao, wakaona kuwa kasi ya kutembea, na jinsi inavyopanda na kushuka, inahusiana na kumbukumbu kuanza kudhoofika. Kihisi hakitaji ugonjwa, huonyesha badiliko tu. Basi mlinganishe mzee na yeye mwenyewe, si na jirani.

Hatua ya 1. Zungumza naye, umwonyeshe kifaa, umwombe ruhusa. Kamera usiweke.

Hatua ya 2. Vihisi vinne vyatosha: mlango wa nje, ukumbini, jikoni, mlango wa choo. Kuta za mawe za Mji wa Kale, Mombasa, ni nene, waifai haipenyi vizuri, kwa hiyo ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, iwe ghorofa moja na vihisi. Vielekeze juu kidogo, la sivyo kila paka anayepita atahesabiwa kuwa bibi.

Hatua ya 3. Jifunze kawaida yake kwa miezi miwili hivi. Usianzie Ramadhani: daku na tarawehe hugeuza usiku wote. Anayeamka kabla ya alfajiri kutawadha hana tatizo, hiyo ndiyo saa yake.

Hatua ya 4. Angalia yanayojirudia: kuingia jikoni mara kwa mara bila kupika, mlango wa nje kufunguliwa saa nane usiku, kutoka kunakopungua mwezi hadi mwezi. Akichanganyikiwa ghafla na safari za chooni zikazidi, usingoje. Huenda ni maambukizi ya mkojo, nayo yanatibika.

Hatua ya 5. Mpelekee daktari rekodi pamoja na dawa zote anazokunywa. Uliza kuhusu vitamini B12, tezi ya shingo, masikio na huzuni. Zote huweza kufanana na usahaulifu wa uzee.

Maswali

*Mwalimu, sisi wa mtaa wa Majengo tuko tisa nyumba moja. Kitajuaje ni babu?*
Hakitajua. Weka kihisi cha chini ya godoro lake na cha mlango wa chumba chake. Kwingine tumieni macho yenu.

*Umeme ukikatika je?*
Vihisi vingi hutumia betri, ila ruta huzima. Siku hiyo iwekee alama, usidhani mzee hakutembea.

*Mama hataki, asema twampeleleza.*
Usiweke, dada. Mtembelee saa zilezile kila wiki, uandike uyaonayo.