Kiuno kisichopoa na mkojo unaopungua: usikimbilie kusema ni korosho

Huku kwetu Lindi mtu akilalamika kiuno msimu wa korosho anaambiwa ni kuinama, ameze diklofenaki apumzike. Mzee wangu tulimwambia hivohivo miezi minne, na kumbe diklofenaki yenyewe inaumiza figo, mpaka siku moja naona kamba za kandambili zimemwachia mifereji miguuni na korodani zinajaa, majirani wakasema busha hilo, maana pwani hii matende na busha si mageni.

Haikuwa busha la mbu. Ni fibrosisi ya nyuma ya tumbo, yaani nyama ngumu kama kovu inaota kuzunguka mshipa mkubwa wa damu halafu inaibana mirija inayoshusha mkojo toka kwenye figo.

Sasa ukiona maumivu ya kiuno au ubavu ambayo hata ugeuke vipi hayatulii, mtu anakonda, presha imepanda, mkojo umepungua, usisubiri, omba altrasaundi ya figo na kipimo cha kriatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, siku hiyohiyo. Figo zikionekana zimejaa maji watatafuta kwanza kichocho, mawe na tezi dume, ni sawa kabisa, hayo ndo mengi huku. Yasipopatikana uliza siti skani, hata kama ni kupewa rufaa. Wakati mwingine wanakata kipande kidogo cha hiyo nyama wakipime, wahakikishe si kansa.

Chanzo mara nyingi hakijulikani, kinga ya mwili tu inajigeuka. Ila TB, kansa, mionzi na baadhi ya dawa, kama zile za kipandauso zenye ergotamini, zinaweza kuleta, kwa hiyo beba dawa zote anazotumia kwenye mfuko, na za kienyeji pia.

Tiba inaanza kwa kuokoa figo: wanapitisha stenti, yaani kijibomba chembamba, kwenye mrija wa mkojo, au bomba mgongoni la kutoa mkojo kwenye figo. Halafu prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku kama mwezi hivi, kisha inashushwa taratibu kwa miezi. Jamani msiiache ghafla eti maumivu yameisha! Sukari ipimwe, na kama aliwahi kuugua TB semeni mapema. Prednisoloni ikigoma zipo dawa nyingine kama methotreksati, na upasuaji wa kuikwamua mirija.

Ugonjwa unaweza kurudi, kriatinini iendelee kupimwa. Na stenti ina tarehe yake ya kubadilishwa, ukisahau inaziba. Ya mzee tumeiandika kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda chake.