Mtoto akiuliza "Ni Mungu au ni sayansi?", mwonyeshe andazi

Nafundisha watoto kanisani, na kila msimu wa mvua swali hurudi: mvua inaletwa na Mungu au na mvuke wa bahari? Usichague upande. Shika andazi, uliza: "Kwa nini limeumuka?" Atakayesema hamira imekula sukari ikatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, amepata. Atakayesema mama alitaka tupate cha kunywea chai, naye amepata. Ndipo urudi kwenye mvua: mvuke unaeleza inanyeshaje, Zaburi ya 147 inamtaja anayeiandalia nchi mvua. Mtoto anaona mwenyewe kwamba majibu mawili hayagombani yakiwa yanajibu maswali mawili. Kwa wakubwa kidogo ongeza Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere kwenye bustani ya monasteri yake. Watoto wa wakulima humwelewa upesi sana.

Njia hii inakwama kwenye umri wa dunia. Siku sita za kitabu cha Mwanzo na miaka bilioni 4.5 ya wanajiolojia, ukizisoma zote kama hesabu ya muda, zinajibu swali lilelile, na andazi halisaidii. Hapo sema wazi kwamba Wakristo wanaisoma sura ile kwa namna tofauti, kisha eleza wewe unaisomaje. Na tafadhali, usimfanye Mungu kuwa jibu la yale tu ambayo sayansi haijayafikia: siku mwalimu wa sayansi akiyaeleza darasani, mtoto atadhani Mungu amepungua.